Malaika Wawili Niliowauza

Dada yangu hana haraka ya kumuuzia mtu samaki. Ingia dukani kwake na pesa mkononi, nyoosha kidole useme unamtaka yule mwekundu, uone kama atakupa. Kwanza atavuta kigoda akae. Tangi lako linachukua lita ngapi? Lina majani au ni kokoto tupu? Nani anaishi humo sasa hivi? Ukisafiri nani atawalisha? Kuna bwana mmoja alidodoswa hivyo mpaka akachoka, akasema, "Mama, mimi nimekuja kununua samaki, sikuja kuposa." Dada akamtazama kuanzia viatu hadi kofia.

"Mchumba akiona hufai atakukimbia," akamwambia. "Samaki atakimbilia wapi?"

Ndivyo alivyopata jina la Bi Maswali, na mimi mdogo wake nilikuwa wa kwanza kulicheka. Leo nikimkuta mtu anamcheka kwa maswali yake nanyanyuka naondoka, maana naweza kumtukana mtu ambaye hajanikosea lolote.

Alianza na ufagio. Miaka sita alisafisha ofisi moja ya mawakili, na kwenye chumba cha kusubiria palikuwa na tangi la samaki ambalo bosi alilinunua ili wateja watulize roho. Roho hazikutulia, kwa sababu kila Jumatatu palikuwa na maiti inaelea. Bosi akasema ni sabuni ya mfagiaji. Dada akaapa kwamba hajawahi kukigusa kile kioo kwa sabuni, hakuna aliyemsikiliza, akapewa wiki mbili ajirekebishe. Basi akaanza kula chakula chake cha mchana mbele ya tangi, macho kodo. Siku ya tatu akamwona mhalifu: samaki mmoja wa mistari ya bluu na fedha, ambaye bosi alimchagua kwa kuwa anafanana na tai zake. Huyo alikuwa amejimilikisha tangi zima. Wenzake aliwabana kwenye kona, akawadonoa mapezi mpaka wakashindwa kuogelea. Dada akamtoa kwa kikombe cha chai, akamtia kwenye ndoo, na vifo vikakoma. Bosi hakuomba radhi. Alisema tu, "Mtupe." Dada hakumtupa, alikwenda naye nyumbani, na kutoka kwenye ndoo ile ndipo alipoanza biashara yake.

Sasa ana chumba kimoja kati ya saluni na fundi simu. Humo mna matangi ishirini na mawili juu ya rafu za chuma, pampu za hewa zinavuma kutwa, na sakafu haikauki hata kiangazi. Nilikuja kwake baada ya duka la viatu nilikokuwa nikiuza kufungwa. Nilikuwa na maneno ya kumtoa nyoka pangoni. Niliwahi kumuuzia mtu viatu vya namba ndogo na akaondoka akinishukuru. Dada akanifundisha kazi. Kwanza tazama mdomo, alisema, rangi baadaye. Kama mdomo wa huyu unamtosha yule, usiwaweke pamoja hata ukiwaona marafiki. Samaki wa dhahabu anataka maji ya baridi, usimchanganye na hawa wa maji ya vuguvugu. Mpiganaji akae peke yake. Neoni, wale wadogo wenye mstari wa bluu unaowaka, hawauzwi mmoja mmoja, kwa kuwa wakiwa wachache wanakufa kwa woga. Mimi naitikia ndiyo dada, ndiyo dada, huku moyoni nasema huyu mwanamke angeuza mara tatu ya hivi kama angejua kufunga mdomo.

Kati ya wateja aliowapenda alikuwemo mkunga mmoja mstaafu. Nusu ya mtaa ule imepita mikononi mwake, na hata akikuta wanaume wazima wanagombana barabarani huwakemea kama watu aliowahi kuwaona bila nguo. Mumewe alikuwa mtunza stoo wa hospitali miaka thelathini. Watu walisema mzee yule akiingia stoo, kabla hajavua koti alishajua kama boksi moja la glovu limepungua. Kisha kiharusi kikampiga. Mkono wa kulia ukalala, ulimi ukawa mzito, maneno yakabaki machache. Mtaalamu wa kule hospitali akashauri wampatie kitu cha kuhesabu kwa sauti kila asubuhi, kitu anachokipenda, ili ulimi ufanye kazi. Mkunga akaja kwa dada.

Dada hakumuuzia kitu siku hiyo. Wala ya pili. Alikwenda kwanza nyumbani kwao akaketi kwenye kiti cha mzee, akapima kwa macho tangi likae wapi ili asiinue shingo. Ndipo akachagua neoni kumi na wawili. Akapanda na majani machache pembeni wajifiche wakitaka. Kila asubuhi baada ya chai mzee alihesabu, kidole cha kushoto kikigonga kioo taratibu: mmoja, wawili, watatu, mpaka kumi na wawili. Mkunga alisema ile kumi na wawili aliisema kwa sauti kubwa, kama mtu aliyemaliza zamu.

Jino ndilo lililoniponza. Jino la dada, si langu. Gego lilimvimbisha uso, akaenda kuling'oa, akaniachia duka kwa mara ya kwanza. "Chakula na kokoto uza," aliniambia akiwa ameshika shavu. "Samaki hai, waambie waje kesho."

Mkunga alikuja saa nne kununua chakula. Nikampimia, akalipa, akawa anaondoka, mara akasimama mbele ya tangi moja. Humo mlikuwa na samaki wawili bapa, weupe wenye milia myeusi, mapezi marefu kama mabawa. Ndiyo maana wanaitwa malaika. Walikuwa wamekua kiasi cha kiganja cha mtoto, na dada alikuwa amewatenga akingoja mtu mwenye tangi kubwa lisilo na wadogo.

"Hawa wazuri jamani," mkunga akasema. "Mzee wangu angewafurahia. Hawatawadhuru wale wadogo?"

Mdomo wa malaika niliuona. Naomba hilo lieleweke, kwa sababu nimeshajaribu sana kujidanganya kwamba sikujua. Niliuona, nikakumbuka somo, na papo hapo nikaona nafasi ya kumwonyesha dada jinsi duka linavyoendeshwa. Nikamshika mkunga mkono, nikampeleka kwenye tangi la kona. Siku zile tangi moja lilikuwa linavuja, na dada alikuwa amechanganya kwa muda vitoto vya malaika, vidogo kama kifungo cha shati, pamoja na neoni. Waliogelea pamoja kwa amani.

"Jionee mwenyewe, mama," nikasema. "Hao ni malaika, na hao ni neoni. Wanaelewana kuliko sisi binadamu."

Akacheka. Alikuwa amevaa miwani mizito, mtoto wa jicho ameshaanza kumwingia, na aliniamini kwa sababu mimi ni ndugu wa Bi Maswali. Nikamtilia malaika wawili kwenye mfuko wa maji, nikamfungia, nikamsindikiza mpaka mlangoni. Nilijiona mwanamume.

Dada alirudi na pamba mdomoni. Kitu cha kwanza alichokiona ni tangi tupu. Hakuweza kusema vizuri, lakini maswali aliuliza. Nani? Tangi lake kubwa kiasi gani? Lina nani ndani? Sijui uongo ule niliutoa wapi kwa wepesi namna hiyo. Nikamwambia ni fundi magari, ana tangi la lita mia tatu, halina mdogo hata mmoja, mna kambale wawili tu wa kusafisha kokoto. Nikamwekea na ndevu. Dada akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akanipiga bega. "Umeanza kujifunza," akasema.

Wiki tatu baadaye mkunga akaja kununua chakula. Dada alikuwa uani anabadilisha maji. Nilitoka haraka nikamkuta mkunga barabarani, eti nimpunguzie ngazi.

"Shikamoo mama. Malaika hawajambo?"

"Marahaba mwanangu. Hao wanapendeza, wamenenepa. Mzee anawanyooshea kidole kutwa nzima, hataki hata kula. Ila hesabu inampotea. Kumi na wawili imekuwa kumi. Namwambia hesabu tena baba, anarudia kumi. Juzi akanikasirikia, akapiga meza."

"Labda wawili wamekufa," nikasema.

"Mbona sijaona maiti? Samaki akifa si anaelea?"

"Ndiyo mama. Anaelea."

Neno hilo halikuwa uongo, na ndilo linalonisuta zaidi kuliko yote. Aliyekufa huelea. Aliyemezwa haachi hata pezi, na nilikuwa nalijua hilo nikiwa nimesimama pale na mfuko wake wa chakula mkononi. Macho yake hayakuweza kuhesabu vitu vidogo vinavyokimbiakimbia kwenye majani. Mwenye macho katika nyumba ile alikuwa mzee, na mzee alikuwa mgonjwa, basi nani angemwamini?

Nilijiambia nitasema kesho. Kesho yake dada akaniuliza, "Yule fundi wako anaendeleaje?" nikamwambia anaendelea vizuri, ameoa. Sijui kwa nini nilimwoza. Dada akafurahi, akasema basi siku moja tukamtembelee tuone malaika wamekua vipi. Kuanzia hapo nikawa naamka na mawazo ya fundi magari asiyekuwepo, namtafutia safari, namtafutia homa. Wakati huo mtu aliyekuwepo kweli alikuwa ameketi mbele ya tangi anasema ukweli kila asubuhi na anaambiwa amekosea.

Mkunga alipokuja tena hesabu ya mzee ilikuwa imeshuka hadi wanane. Alikuwa amempeleka kwa daktari. Daktari hakuona jipya, lakini kwa sababu mama alisema mumewe anapoteza namba, akaongeza dawa, na dawa ile ilimfanya mzee asinzie mchana. Wakashauriwa wamrekebishe kwa upole: kila asubuhi mkunga ashike kidole chake, waseme pamoja namba sahihi. "Wanangu wanasema nijiandae," mkunga aliniambia. "Wanasema akili ndiyo inaaga hivyo, kidogo kidogo." Akafuta miwani kwa ncha ya gauni. "Na namba ndizo alizozipenda maisha yake yote, mwanangu. Kama angesahau jina langu isingeniuma hivi."

Nilifungua kinywa, na nyuma yangu nikasikia kandambili za dada zinakuja kwenye maji ya sakafuni. Nikamwambia mkunga, "Pole sana mama, Mungu atasaidia." Sikuwahi kujichukia namna ile. Mchana ule nilishindwa kula, dada akanipa na kipande chake cha mkate akidhani naumwa.

Sasa ningependa kusema kwamba dhamiri ndiyo iliyonisukuma. Haikunisukuma. Habari njema ndiyo iliyonivunja.

Ilikuwa wiki mbili baadaye, asubuhi, dada yupo kaunta na mimi nasugua kioo. Mkunga akaingia mwenyewe mpaka ndani na mfuko wa machungwa, uso unang'aa. "Nimewaletea hiki kidogo," akasema. "Mzee amepona jamani! Siku ya tano leo. Namuuliza baba, wangapi? Hata hasiti: kumi na wawili. Wala hagombi tena, wala hapigi meza. Nasema na nyie ndugu wawili Mungu awabariki, maana bila hawa samaki sijui."

Dada akapiga makofi. Mimi nilikaa chini palepale kwenye maji, sifongo mkononi. Neoni hawazaani hovyo kwenye matangi ya nyumbani. Kumi na wawili hawakuwa wamerudi. Kulikuwa na jambo moja tu lililoweza kutokea katika chumba kile, nikaliona kama nilikuwepo: mtu aliyehesabu sawasawa miaka thelathini amechoka kuambiwa amekosea, akaamua kumpa mkewe anachokitaka.

"Amekuwa akisema kweli," nikasema.

"Nani?" dada akauliza.

"Mzee. Fundi magari hayupo. Malaika niliwauza kwa mama huyu."

Nilidhani dada atanipiga. Siku zote anauliza, na safari hii hakuuliza swali hata moja. Akachukua wavu, akachukua ndoo yenye mfuniko, akafunga duka saa tatu asubuhi, kitu ambacho hakukifanya hata siku ya jino. Mkunga alikuwa bado anatutazama kwa zamu, machungwa mikononi, akisema, "Sijaelewa. Mwanangu, sijaelewa." Nikamweleza njiani. Nilimweleza yote, na mdomo wa malaika nilivyouona. Alipoelewa hakunitukana. Alianza kutembea haraka mbele yetu, mama wa miaka sabini, tukashindwa kumfikia.

Nyumba yao ilikuwa na sebule ndogo, viti vinne vyenye vitambaa vya kufuma, kalenda ya duka la dawa ukutani. Mzee alikuwa kwenye kiti chake, shati limefungwa vifungo vyote mpaka shingoni. Alituona, akainua mkono wa kushoto. Malaika walikuwa wamekuwa wakubwa kama kiganja changu. Walizunguka katikati ya tangi taratibu, wameshiba, na tangi lote lilikuwa lao.

Dada akapiga magoti, akaweka pua kwenye kioo. Alihesabu kimya, akasogeza majani kwa kijiti, akahesabu tena.

"Watano," akasema. Wote walikuwa nyuma ya pampu, wamebanana. Kisha akanigeukia. "Mwambie."

Nikachutama mbele ya kiti. Sikuwa na maneno, mimi mwenye maneno. "Mzee," nikasema, "uliposema kumi walikuwa kumi. Uliposema wanane walikuwa wanane. Nilikuuzia samaki wanaokula wenzao, nikajua, nikanyamaza. Hujakosea hata siku moja. Naomba unisamehe."

Alinitazama. Sijui alielewa kiasi gani. Dawa ilikuwa imemlegeza macho. Hakuondoa mkono wake wa kushoto nilipoushika, lakini hakuufumba pia. Nilistahili hata chini ya hapo. Dada akawavua malaika mmoja mmoja, wakapigapiga ndani ya ndoo, akafunika. Baada ya dakika chache neoni mmoja akatoka nyuma ya pampu, kisha wa pili.

Mkunga alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo. Sasa akaja, akanisukuma kando kwa goti, akaketi sakafuni miguuni pa mumewe.

"Dawa ile namwachisha leo," akasema. "Nitamwambia daktari mwenyewe. Baba, siku zote hizi nakushika kidole nakulazimisha. Ulikuwa unaniambia na mimi sisikii. Nimekukosea mume wangu, nimekukosea sana." Alilia waziwazi, pua inatoka, hakujali kwamba tupo. Nilitamani anirukie mimi, anikwaruze uso, kuliko kuomba msamaha wa kosa langu.

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akasogeza kiti cha mzee karibu na kioo.

"Haya, hesabu tena baba. Hesabu unachokiona wewe. Safari hii sitakurekebisha, chochote utakachosema ndicho."

Neoni watano walikuwa wametoka wote, wanakwenda pamoja katikati ya tangi, peupe kabisa, hata mimi niliwaona bila kujitahidi. Mzee akainua kidole cha kushoto. Kikafika nusu ya njia, kikasimama. Hakutazama tangi. Alimgeukia mkewe, akamsoma uso polepole, kama mtu anayetafuta jibu lililoandikwa mahali fulani, na ulimi wake mzito ukajitahidi.

"Unataka," akasema, "wangapi?"